Dawa ya Ng'ombe, Damu ya Mtu na Kifo cha Mbu



Wiki mbili zilizopita tuliletewa ujumbe wa sauti na mama mmoja wa Pwani ya Kusini, ambaye ni msomaji wetu wa miaka mingi. Alizungumza kwa haraka, na nyuma yake tulimsikia mtoto akilia. "Wanangu," alisema, "nimesikia redioni kwamba ile dawa ya ng'ombe imezuia malaria huku Kwale. Mzee wangu anafuga mbuzi, na chupa yake iko hapa rafuni. Mjukuu wangu ana homa tangu jana. Nimpe kiasi gani?"

Tulimpigia simu papo hapo. Lakini kabla ya kueleza tuliyomjibu, tumeona ni haki ya wasomaji wetu kulipata jambo hili zima, kwa sababu yeye si mtu wa kwanza kuuliza, na kwa sababu ndani ya swali lake mlikuwa na ukweli mmoja mkubwa na hatari moja kubwa, na viwili hivyo vilikaa pamoja katika chupa moja.

Redio haikusema uongo. Mwezi wa Julai 2025, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika Kaunti ya Kwale, na dawa iliyochunguzwa, ivamektini, ndiyo ile ile ambayo wafugaji wameijua tangu miaka ya themanini kuwa dawa ya minyoo na upele wa mifugo. Watafiti walitoka katika kituo cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoko Kilifi na taasisi ya ISGlobal ya Barcelona, pamoja na wenzao wa nchi kadhaa. Watu zaidi ya elfu ishirini walishiriki, na dozi zaidi ya elfu hamsini na sita zilimezwa. Si ajabu kwamba baadhi ya wanaosoma ukurasa huu walikuwa miongoni mwao.

Dawa yenyewe ina asili ya kustaajabisha. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, mtaalamu wa Kijapani, Satoshi Ōmura, alikuwa na ada ya kuchota udongo kidogo kila alikopita ili kuchunguza bakteria waliomo. Udongo mmoja aliuchota karibu na uwanja wa gofu wa Kawana, katika mji wa Ito. Bakteria waliopatikana humo walipelekwa Marekani, kwa mtaalamu wa vimelea aliyeitwa William Campbell, naye akaona kwamba utomvu wao unaua minyoo ya wanyama kwa kiasi kidogo mno cha dawa. Mwaka 1981 ivamektini ikaanza kuuzwa kwa ajili ya ng'ombe, farasi, kondoo na nguruwe. Kwa muda, huko ndiko ilikokuwa na jina: katika mazizi.

Ilipofika mwaka 1987 ikaruhusiwa kwa binadamu, na kampuni iliyoitengeneza ikatangaza kuitoa bure, kwa muda wote itakapohitajika, kwa ajili ya usubi, yaani ule ugonjwa wa upofu unaoenezwa na inzi weusi wadogo kandokando ya mito. Mamilioni ya watu wa Afrika wameimeza tangu hapo. Sisi wa Pwani tumeijua kwa njia nyingine. Mwaka 2018 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo barani Afrika kugawa vidonge vya aina tatu kwa pamoja dhidi ya matende na mshipa, na mahali palipochaguliwa ni Lamu na Jomvu. Kimoja katika vidonge hivyo vitatu kilikuwa ivamektini. Kwa hiyo anayesema kwamba hii ni dawa ya ng'ombe tu amekosea, na anayesema kwamba dawa ya ng'ombe na dawa ya mtu ni kitu kimoja naye amekosea zaidi. Tutafika huko.

Mwaka 2015 Ōmura na Campbell waligawana nusu ya Tuzo ya Nobel ya tiba. Nusu ya pili ilikwenda kwa mwanamke wa Kichina, Bi Tu Youyou, ambaye alisoma kitabu cha tiba cha karne ya nne katika lugha yake, akakuta habari za mmea mmoja uliotumika kutibu homa, na kutokana na mmea huo akatoa atemisinini. Vidonge vya malaria mnavyopewa leo zahanati kwa watoto wenu, vile tunavyoviita AL, vimetokana na kazi yake. Tunamtaja kwa makusudi, ili wasichana wetu wa madrasa na wa shule walisikie jina hilo: hakuwa na shahada ya udaktari wa aina yoyote, wala hakusoma ng'ambo.

Sasa tuje kwenye mbu, kiumbe aliyetajwa kwa jina katika Surat al-Baqara. Mbu anayeeneza malaria ni jike pekee, kwa kuwa yeye ndiye anayehitaji damu ili mayai yake yakomae. Anapomuuma mtu mwenye malaria, anavuta vimelea pamoja na damu. Lakini vimelea hivyo haviko tayari siku ile. Vinahitaji siku kumi hivi, au zaidi kidogo, kukua ndani ya tumbo la mbu na kupanda hadi kwenye mate yake. Ndipo anapoweza kumwambukiza mtu mwingine. Hapa pana siri ambayo wengi hawaijui: mbu kijana hana hatari. Anayeua watoto ni mbu mzee, aliyebahatika kuishi wiki mbili na kuuma mara kadhaa. Ukiweza kumpunguzia umri, hata kwa siku chache, umekata kamba ya malaria bila ya kumgusa mgonjwa.

Ivamektini inafanya hivyo hasa. Katika mishipa ya fahamu na misuli ya minyoo na wadudu kuna vilango vidogo vidogo ambavyo dawa hii inavishika na kuviacha wazi, mdudu akapooza, akafa. Mtu anapomeza kidonge, dawa hukaa katika damu yake kwa siku kadhaa. Mbu anayemuuma katika siku hizo anameza sumu yake mwenyewe. Jambo hili halikuanzia Kwale. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Kisumu, ambako damu ya wagonjwa waliopewa ivamektini kwa siku tatu, kwa kiwango kikubwa kuliko cha kawaida, iliendelea kuua mbu hadi siku 28 baadaye. Kilichokuwa bado hakijulikani vizuri ni kama jambo linaloonekana maabara litaonekana pia vijijini, mahali penye mvua, safari, arusi na shughuli za kawaida za watu.

Huko Kwale mpango ulikuwa huu. Mitaa na vijiji viligawanywa katika makundi. Baadhi yao watu walipewa ivamektini, dozi moja kwa mwezi kwa miezi mitatu mfululizo, kila mtu kwa kadiri ya uzito wake, kuanzia mwanzo wa mvua za vuli mwaka 2023. Wengine walipewa albendazoli, dawa ya minyoo ambayo watoto wetu hupewa shuleni, ili nao wasitoke mikono mitupu. Kisha watoto wa miaka 5 hadi 15 wakapimwa damu mara kwa mara kwa muda wa miezi sita. Katika makundi ya ivamektini, maambukizi mapya ya malaria yalipungua kwa asilimia 26 yakilinganishwa na makundi mengine. Na hayo yalikuwa juu ya kinga ya vyandarua, ambavyo katika nyumba nyingi za Kwale vilikuwapo na vilitumika.

Asilimia 26 si muujiza. Mtoto mmoja kati ya wanne aliyekuwa augue amesalimika, watatu bado. Lakini fikirini mahali tulipo. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani mwaka 2023, na asilimia 95 kati yao walikuwa wa Afrika, wengi wao watoto walio chini ya miaka mitano. Vyandarua vimeokoa roho nyingi, Alhamdulillahi, ila mbu nao wamejifunza. Wako waliozoea dawa ya chandarua, na wako wanaouma mapema, jioni, tukiwa tumekaa barazani au uani tukipika. Chandarua kinamlinda aliyelala, lakini hakimlindi mama anayegeuza chapati saa moja ya usiku. Dawa iliyomo ndani ya damu inakwenda naye popote alipo.

Inakwenda naye, lakini haimlindi yeye. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa ndipo redio ilipopita haraka, na ndipo bibi yetu alipopotea. Ivamektini katika utafiti huu haikumkinga aliyeimeza asiumwe na mbu wala asipate malaria. Haiponyi homa. Mbu anamuuma kwanza, ndipo anakufa. Anayenufaika ni mtu ambaye mbu yule angemuuma baadaye: mtoto wa nyumba ya pili, mpangaji wa chumba cha nyuma, mzee aliyelala msikitini. Unameza wewe, anasalimika jirani. Anameza jirani, unasalimika wewe. Watafiti waliona kwamba nafuu kubwa zaidi ilipatikana kwa watoto waliokuwa wakiishi mbali na mipaka ya makundi, au mahali ambapo ugawaji wa dawa ulikwenda vizuri zaidi. Maana yake ni wazi. Mbu hawajui mipaka ya utafiti, na nyumba iliyo pembeni ilikuwa ikipata wageni kutoka kwa majirani ambao hawakumeza.

Wanawake waja wazito hawakupewa dawa hii, wala watoto wenye uzito wa chini ya kilo 15, kwa sababu usalama wake kwao haujathibitishwa vya kutosha. Basi wale ambao malaria inawaua zaidi ndio wasioweza kuimeza. Kinga yao imo katika damu ya wengine. Sisi ambao tumelelewa tukisikia juu ya haki ya jirani, hadi tukadhani tumeshaielewa yote, tumeona katika kidonge hiki sura ya haki hiyo ambayo hatukuwahi kuifikiria.

Uadilifu unatutaka tuseme na upande wa pili. Katika visiwa vya Bijagós, nchini Guinea-Bissau, ivamektini iliongezwa juu ya dawa nyingine ya malaria waliyopewa watu wote kwa misimu miwili, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 hayakuonyesha nafuu ya ziada. Huko Mopeia, Msumbiji, ambako utafiti ndugu wa huu wa Kwale ulikuwa ukifanyika, kimbunga kiitwacho Gombe kilipiga mwaka 2022, kikafuatiwa na kipindupindu, kazi ikavurugika. Kwa hiyo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walioyatazama matokeo ya Kwale wameyakubali kuwa ni ya maana, lakini wametaka tafiti zaidi. Hadi sasa ivamektini si sehemu ya mpango wa taifa wa kuzuia malaria. Hamtaikuta zahanati kwa kazi hiyo, na mtu akija mlangoni kuwauzia kwa jina hilo, mjue ameanza biashara yake.

Kuna faida moja ya pembeni ambayo sisi hatuwezi kuipita kimya. Dawa hii huua pia wadudu wa upele na chawa. Huko Mopeia upele na chawa wa kichwani walipungua kwa waliopewa ivamektini, na watu walieleza kwamba hata kunguni walikuwa wametoweka vitandani mwao. Mama yeyote aliyewahi kumpokea mwanawe kutoka bweni la shule au la madrasa, mikono yote imejaa vidonda vya kujikuna, atafahamu kwa nini wanakijiji walikuwa tayari kumeza mzunguko wa pili. Mbu anayekufa nje gizani hamwoni mtu, lakini usiku mmoja wa usingizi bila kunguni unasimuliwa mtaa mzima.

Na sasa ile chupa ya rafuni.

Chupa ya sindano ya ivamektini ya mifugo, ile ya asilimia moja inayopatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa za mifugo, ikiwa ni ya mililita 50, inatosha kuwatibu ng'ombe kumi wenye uzito wa kilo 250 kila mmoja. Tafadhali mtazame mtoto wa miaka miwili, kisha muitazame chupa hiyo. Tone linaloonekana si kitu kwa fahali ni kiwango cha kutisha kwa mwili wa kilo kumi. Isitoshe, iko ile ya kumiminwa mgongoni mwa mnyama na ile ya kupaka, na vimiminika vilivyochanganywa humo ili dawa ipenye ngozi au ikae nyamani havikupimwa kwa ajili ya tumbo la binadamu.

Kwa nini dawa inayompooza mdudu isitupooze na sisi? Kwa sababu vilango vile inavyovishika mdudu anavyo mwili mzima, ilhali vya kwetu vinavyofanana navyo viko ndani ya ubongo tu, na baina ya damu na ubongo Mwenyezi Mungu ameweka kizuizi chenye bawabu. Bawabu huyo ni protini inayoisukuma ivamektini itoke kila inapotaka kuingia. Kwa dozi sahihi anaiweza kazi yake. Dozi ikizidi mno, dawa inampita. Madaktari wa mifugo walilijua hili mapema kutokana na mbwa. Katika mbwa wa kuchungia kondoo wa jamii ya Collie, wengi huzaliwa na kasoro ya jeni ambayo imemwondoa bawabu huyo, na kiasi ambacho mbwa mwingine hakihisi kinawafanya wao wayumbe, watokwe na mate, wapofuke kwa muda, wazimie, na wengine wafe. Kuna jambo jingine linalofanana na hilo kwa upande wa wanadamu. Katika misitu ya Afrika ya Kati, watu wenye minyoo mingi ya macho katika damu wamepatwa na maradhi mazito ya ubongo baada ya kumeza dawa hii, na ndiyo sababu huko haigawiwi bila ya uangalifu maalumu. Minyoo hiyo haiko kwetu, lakini tunaitaja ili ijulikane kwamba hata dawa yenye sifa njema inahitaji mtu anayejua ni nani aliye mbele yake.

Tumeshawahi kuona uharaka wa namna hii. Wakati wa korona, uvumi ulienea kwamba ivamektini inaitibu. Huko Marekani watu walinunua dawa ya farasi iliyo kama dawa ya meno wakaila, na vituo vya sumu vikajaa simu. Tafiti kubwa zilipokamilika, hazikuona kwamba iliwafaa wagonjwa wa korona. Hapa petu pia watu waliiulizia. Tunakumbuka vizuri, kwa kuwa tuliulizwa na sisi.

Wafugaji nao tuna neno nao, kwa sababu nyama na maziwa yao ndiyo chakula chetu. Mnyama aliyedungwa ivamektini hapaswi kuchinjwa mpaka wiki kadhaa zipite, kwa idadi ya siku zilizoandikwa katika chupa husika. Na sindano hiyo ya asilimia moja haipewi ng'ombe au mbuzi anayekamuliwa maziwa ya kunywa watu. Dini haikutuambia tutafute halali pekee. Imetuambia halali iliyo njema. Basi anayekwenda kununua mbuzi wa akika au wa Idi asione haya kuuliza, baada ya kutazama meno na pembe: mbuzi huyu amedungwa nini, na lini? Muuzaji mwaminifu atajibu. Wafugaji wajue vilevile kwamba dawa hii hutoka pamoja na kinyesi cha mnyama, na humo huwadhuru wale dundu wanaofingirisha vibonge vya mavi na kuyafukia ardhini. Dundu hao ndio wanaorudisha mbolea katika malisho. Kumdunga kila mnyama kila mwezi kwa mazoea tu, bila ya ushauri wa daktari wa mifugo, ni kuyachosha malisho na kuwafundisha minyoo kuizoea dawa. Wenye kuitaka ivamektini iwe silaha dhidi ya mbu wana wasiwasi huo huo: silaha ikitumiwa ovyo, mbu watakuja kuizoea kama walivyozoea nyingine.

Kwa homa ya mtoto, utaratibu haujabadilika hata kidogo. Apelekwe zahanati siku ile ile, atobolewe kidole, apimwe. Ikiwa ni malaria atapewa AL kwa uzito wake, kwa siku tatu, na asiachishwe siku ya pili kwa kuwa homa imeshuka. Akipewa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, dawa hufyonzwa vizuri zaidi. Ikiwa si malaria, basi kuna jambo jingine linalompandisha homa, nalo linataka kutafutwa. Degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kunyonya au kulegea mno ni ishara za kwenda hospitali bila kungoja asubuhi. Na mja mzito anayeishi huku Pwani ana haki ya kupewa vidonge vya SP kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Asipopewa, aviulizie, na chandarua chake asikiazime mtu.

Tulipompigia bibi yetu, tulimwambia, "Mama, shikamoo. Tafadhali chupa hiyo usiifungue. Mtoto mpeleke zahanati sasa hivi." Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba zahanati ni mwendo wa saa moja, na nauli ya bodaboda hakuwa nayo, na ndiyo sababu alikuwa ameitazama chupa. Hatukuwa na maneno ya kulijibu hilo. Jirani yake mmoja alimkopesha. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akapewa AL.

Siku ya nne alitutumia ujumbe mwingine. Mtoto alikuwa anadai mahamri, na mzee ameipeleka chupa kwenye kibanda cha mbuzi na kuifungia kwenye sanduku. Kisha akatusimulia jambo ambalo hatukulitarajia. Mwaka ule wa utafiti, watu waliokuwa na mizani walifika kijijini kwao pia. Nyumba nzima ilipimwa uzito na ikameza, yeye, mzee na wanawe. Aliyerukwa ni mkaza mwanawe peke yake, kwa kuwa alikuwa mja mzito. "Alinuna siku ile," bibi alisema, na tukamsikia akicheka. "Akaona kama wenzake wamepewa kitu kizuri, yeye amenyimwa. Na mimba yenyewe ndiyo huyu anayenililia mahamri."